Hoteli za Bagamoyo zinauza bahari ya mahali pengine

Pitia kurasa za hoteli za Bagamoyo mtandaoni, utakutana na picha ileile: maji ya buluu yamejaa hadi karibu na minazi, viti viwili vya kulalia, mwavuli wa makuti, hakuna mtu. Picha si ya uongo. Imepigwa hapahapa Bagamoyo, ila imepigwa saa ambayo maji yamejaa, siku ya jua kali, na mara nyingi imekolezwa rangi kidogo kwenye simu. Mtu aliyeko Sinza, Nairobi au Hamburg anaiona, anaipenda, analipia. Anafika, analala, anakunywa chai, kisha anashuka ufukweni saa nne asubuhi na kukuta tope na mchanga mtupu hadi macho yanapochoka, ngalawa zimelala ubavu, na akina mama wameinama wanaokota kombe.

Hoja yangu ni kwamba kinachomfanya mgeni achague chumba na kinachomfanya aridhike nacho ni mambo mawili tofauti, na biashara ya malazi ya mji huu inaumia kwa sababu inayachanganya. Fedha nyingi zinakwenda kwenye vitu vinavyomvuta mgeni akiwa mbali. Vile atakavyovihukumu akishafika vinaachwa vijiendee vyenyewe.

Mtu anayetafuta pa kulala hana muda wa kupima kila kitu, kwa hiyo anachuja. Kwanza mahali: ni karibu na bahari, na mjini, au na shughuli inayonipeleka? Kisha bei. Hapo orodha ndefu inabaki na majina matano au sita. Ndipo macho yanapoingia kazini: bwawa la kuogelea, kitanda kikubwa, shuka nyeupe, bustani. Akibakiwa na mawili au matatu, anasoma maoni ya waliowahi kulala, na wengi wetu huanza na yale mabaya. Vyote hivyo vinaonekana kwa mbali. Lakini hakuna picha inayoonyesha kama maji ya bafuni yatatoka saa moja asubuhi wakati kila mtu anaoga, wala kama chandarua kina tundu, wala kama baa ya jirani itazima muziki saa sita au saa tisa za usiku. Mambo yanayoamua kama mgeni atapata usingizi yamejificha wakati anapochagua, na yanajitokeza yote kwa pamoja akishalipa.

Wapo pia wasiochagua kabisa. Mtalii wa kigeni aliyekuja kwa kifurushi amechaguliwa hoteli na wakala wake kabla hajapanda ndege, na kifurushi cha kawaida kinampeleka Serengeti na Ngorongoro kisha Zanzibar. Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikapita milioni 2, lakini wengi wao hawakanyagi Bagamoyo. Wanaofika hutoka Dar es Salaam kwa gari, kilomita zipatazo 70. Wanaona misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, wanapita Mji Mkongwe, wanakwenda kwenye magofu ya Kaole, wanakula samaki, na alasiri wanarudi. Mji ambao karne ya 19 uliishi kwa kuwapokea watu, maelfu ya wapagazi waliotoka bara na misafara ya pembe wakipiga kambi majuma kwa majuma, leo unapitiwa kwa saa chache.

Mwingine asiyechagua ni mtu wa semina. Huyu ndiye aliyevijaza vyumba vya Bagamoyo kwa miaka mingi: ofisi yake Dar es Salaam inamtafutia hoteli, yeye anakuja na begi na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, anakaa ukumbini siku tatu, anapokea posho, anaondoka. Maji yakikatika ananung'unika na wenzake wakati wa chai, lakini mwakani ofisi ikimleta tena atakuja. Serikali ya awamu ya tano ilipoingia madarakani mwishoni mwa mwaka 2015 na kubana warsha za mahotelini, kumbi nyingi zilinyamaza, na hapo ikaonekana jinsi biashara ilivyokuwa imemwegemea mteja asiye na sauti. Semina zimerudi kiasi. Kinachonisumbua ni tabia iliyobaki: bado ziko hoteli zinazomhudumia anayelipa kwa fedha yake mwenyewe kana kwamba naye ameletwa na ofisi.

Nirudi kwenye bahari, kwa sababu ndipo pengo kati ya ahadi na hali halisi lilipo wazi zaidi. Wikendi moja ya bamvua nilikuwa kwenye mapokezi ya hoteli moja ya ufukweni pale baba mmoja wa makamo kutoka Dar es Salaam alipokuja na wanawe wawili, tayari wamevaa nguo za kuogelea. Aliweka simu mezani, picha ya hoteli ikiwa wazi.

"Dada, bahari hii iko wapi?"

"Shikamoo, mzee. Maji yamekupwa. Yatarudi mchana."

"Marahaba. Sasa mbona hamkuniambia jana nilipopiga simu?"

"Hukuuliza, mzee."

Dada yule hakukosa adabu wala hakudanganya. Lakini hoteli nzima ilikuwa imekaa miaka mingi mbele ya bahari ile bila mtu yeyote kuamua kwamba ni kazi yao kumwambia mgeni ikoje. Kila mvuvi wa Bagamoyo anaijua ratiba. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa sana karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, mambo yanageuka: maji hujaa kwa kiasi katikati ya asubuhi, na yanapokupwa hayaendi mbali. Saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Kwa hiyo mtu aliyechagua wikendi ya mbalamwezi, akidhani ndiyo nzuri kuliko zote, atamaliza kifungua kinywa chake na kutoka nje wakati hasa bahari iko mbali kuliko siku nyingine yoyote.

Na rangi nayo ina sababu. Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini kidogo ya mji, ukiwa umebeba udongo wa safari yake yote. Udongo huo ndio unaoistawisha mikoko na kuwalisha kamba tunaowasifia mezani. Bahari ya Bagamoyo ni bahari ya mlango wa mto, maji yake yana rangi ya chai ya maziwa baada ya mvua, na anayeitangaza kana kwamba ni Nungwi ya Zanzibar anamwandalia mgeni wake huzuni. Wapo watu ambao wangeipenda hii tuliyonayo: wanaotaka kutembea juu ya mchanga ulioachwa na maji, kuona ngalawa zikisubiri, kupanda mtumbwi kwenda kwenye mikoko, kuogelea alasiri maji yakirudi juu ya mchanga uliopashwa na jua. Watu hao hatuwapati kwa kuwa hatujawaambia kwamba ipo.

Richard Oliver, mtafiti Mmarekani wa tabia za wanunuzi, alilieleza jambo hili mwaka 1980 kwa namna ambayo bado inatumika: mteja anakuja na matarajio, anakutana na huduma, na kuridhika kwake kunatokana na tofauti kati ya hivyo viwili. Chumba kilekile, kwa bei ileile, kinaweza kumfurahisha mmoja na kumuudhi mwingine kutegemea waliambiwa nini kabla. Tukiyatazama mambo hivyo, maneno na picha za tangazo ni sehemu ya huduma yenyewe. Anayeongeza chumvi kwenye tangazo anapunguza kuridhika kwa mikono yake. Ubao mdogo mapokezini wenye saa za maji kujaa na kupwa, pamoja na ujumbe wa simu siku moja kabla ya mgeni kufika, ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kujenga bwawa.

Kuhusu bwawa niseme wazi kwamba sipingi. Linavuta, hasa familia zenye watoto, na kwa saa ambazo bahari imekwenda linasaidia kweli. Lakini mwaka 1984 Mjapani Noriaki Kano na wenzake walionyesha kuwa sifa za bidhaa hazifanyi kazi kwa namna moja. Ziko za lazima, ambazo zikiwepo hakuna anayekushukuru na zikikosekana hakuna kinachokuokoa. Ziko ambazo kila ukiongeza, furaha inaongezeka. Na ziko ambazo mgeni hakuzitarajia kabisa, akizikuta anafurahi, asipozikuta hajui kama amezikosa. Kwa malazi ya kwetu za lazima ni maji, umeme, usafi, usalama na usingizi. Hoteli yenye bwawa la kuvutia lakini yenye maji ya kisima yenye chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu, na jenereta inayowashwa nusu saa baada ya umeme kukatika, imejenga ghorofa ya tatu ikaruka ya kwanza. Mgeni huandika kuhusu povu la sabuni. Bwawa halitaji.

Za lazima si kazi ngumu ya kubuni, ni kazi ya kuchosha. Tangi la akiba lenye maji ya bomba kwa ajili ya kuoga, hata kama maji ya kisima yatabaki kwa chooni na bustanini. Chandarua kinachokaguliwa kila kinapofuliwa. Taa yenye swichi inayofikika kutoka kitandani. Mtu anayelala kila chumba mara moja kwa mwaka, mwenye hoteli mwenyewe ikiwezekana, ili asikie anachosikia mgeni saa nane za usiku. Adhana ya alfajiri haiwezi wala haipaswi kunyamazishwa katika mji wa Waislamu wa pwani, na mgeni aliyeambiwa mapema huipokea kama sehemu ya safari yake. Muziki wa baa ya hoteli yenyewe ni suala jingine, na hapo hakuna udhuru.

Kuna utafiti mwingine ningependa wenye hoteli waujue. Mwaka 1988 Parasuraman, Zeithaml na Berry walichapisha kipimo cha ubora wa huduma chenye mambo matano: vitu vinavyoonekana, uaminifu wa kutimiza ulichoahidi, wepesi wa kusaidia, uwezo wa wahudumu wa kumpa mteja imani, na kumjali mteja kama mtu. Hawakupima hoteli. Walipima huduma za benki, kadi za mikopo, matengenezo ya vifaa na simu. Lakini walipoendelea kuwauliza wateja lipi lina uzito zaidi, uaminifu ulikuja juu kila mara na vitu vinavyoonekana vikaja chini. Weka matokeo hayo pembeni ya ramani ya ujenzi ya hoteli yoyote ya hapa uone fedha zilikoelekea. Naelewa kwa nini, maana kinachoonekana ndicho kinachoingia kwenye picha. Ila matokeo yake ni kwamba tunampata mgeni mara moja.

Wepesi wa kusaidia ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu kikwazo chake hakipo kwa wafanyakazi wanaolaumiwa kila siku. Chukua tukio la kawaida. Saa tano usiku mgeni anakuja mapokezi: kiyoyozi kinadondosha maji juu ya kitanda. Kijana wa zamu anaona funguo za vyumba vitatu vitupu zikining'inia ukutani nyuma yake. Vyumba hivyo ni vya bei ya juu kidogo. Hana ruhusa ya kumhamisha mtu. "Samahani sana kaka, subiri nimpigie bosi." Bosi yuko Dar es Salaam, simu haipokelewi. Kijana analeta ndoo. Mgeni analala pembeni ya ndoo huku ukutani funguo tatu zikining'inia, na vyumba vile vitatu havikuingiza hata shilingi usiku huo. Kumhamisha kungegharimu shuka moja na sabuni moja.

Kijana huyohuyo pengine alisoma vizuri, labda hata Chuo cha Taifa cha Utalii, na anajua kwa hakika alichopaswa kufanya. Analipwa kidogo, zamu yake ni ya saa nyingi, kosa lolote linakatwa kwenye mshahara. Katika hali hiyo kutofanya lolote ndiyo njia salama kwake. Ukitaka awe mwepesi, mpe mamlaka yenye mpaka unaojulikana: unaweza kuhamisha mgeni chumba, unaweza kusamehe chai au chakula kimoja, unaweza kuita fundi bila kuomba kibali, kesho utaniandikia sababu. Mgeni husamehe kasoro iliyotatuliwa haraka kwa moyo. Asichosamehe ni kuona watu wanasimama kumtazama na shida yake.

Mgeni wa ndani anastahili maneno yake mwenyewe, maana ndiye anayelala Bagamoyo zaidi na ndiye anayedharauliwa zaidi. Anauliza bei kwenye ukurasa wa Instagram, anajibiwa "njoo inboksi". Akienda huko anasubiri hadi kesho. Akifika anapewa bei nyingine kwa kuwa ile haikuwa na VAT, na wakati wa kutoka anagundua chupa za maji za chumbani hazikuwa za bure. Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alionyesha pamoja na wenzake kwamba watu hukumbuka tukio kwa kilele chake na kwa mwisho wake. Mwisho wa malazi ni bili. Mtu aliyefurahi siku mbili anaondoka akihesabu chupa za maji. Bei iandikwe hadharani, kamili, kwa shilingi.

Familia za Dar es Salaam hutafuta vitu ambavyo matangazo yetu hayavitaji: pa kuegesha gari palipo na mlinzi, chakula kinachotoka kabla watoto hawajalala, na heshima ya mahali. Hili la mwisho linaeleweka bila kufafanuliwa. Gesti inayokodisha vyumba kwa saa haiwezi kumshawishi mama aje na mabinti zake, hata shuka zikiwa safi namna gani. Na kitabu cha wageni kinachomuuliza mtu kabila lake, hadi leo, sijui kinamsaidia nani.

Kifungua kinywa ni mahali ambapo Bagamoyo ingeweza kumshangaza mgeni kila siku bila gharama. Badala yake anapewa slesi za mkate mweupe, soseji, yai na juisi ya boksi, chakula ambacho angekipata Dodoma, Mwanza au kwao. Nje ya geti, kuanzia saa kumi na mbili, wapo akina mama wanaouza vitumbua, chapati, mbaazi za nazi na chai ya tangawizi, na mahamri yakitoka kwenye mafuta huwezi kupita bila kugeuka. Wachache watataka mayai na kahawa yao, wapewe. Lakini hoteli inayoingia mkataba na mama mmoja wa vitumbua inapata kitu ambacho mgeni hakukitarajia, na fedha inabaki mtaani.

Kwa nini maoni ya wageni mtandaoni yana uzito mkubwa hivi kwetu? Kwa sababu hoteli za hapa karibu zote ni za mtu mmoja au familia, hazina jina kubwa la kimataifa la kuzibeba. Mwaka 2011 Michael Luca wa Harvard alichunguza migahawa ya Seattle akaona kuwa nyota moja zaidi kwenye tovuti ya maoni iliambatana na ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9, na ongezeko hilo lilikuwa kwa migahawa huru, si kwa ile yenye matawi mengi. Ni migahawa na ni Marekani, lakini sababu yake inafaa popote: asiyejulikana hupimwa kwa maneno ya waliomwona. Hivyo maoni mabaya yajibiwe, kwa jina la anayejibu, kwa kueleza kilichorekebishwa. Kunyamaza ni vibaya, na kugombana na mgeni hadharani ni vibaya zaidi.

Kipimo ambacho ningekitazama kuliko vyote ni usiku wa pili. Mgeni ambaye tayari yuko ndani, mzigo ameshaushusha, ndiye mteja wa bei rahisi kumshawishi, na kinachomzuia mara nyingi ni kwamba hajui kesho atafanya nini. Hapo hoteli zimejifungia. Hazimwambii kwamba asubuhi soko la samaki linaponadisha mavuno ya usiku kuna mengi ya kuona, kwamba pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha mjini hapa, kuna wanafunzi wa ngoma na maigizo wanaofanya mazoezi, kwamba magofu ya Kaole yako kilomita kama tano tu, kwamba ipo mitumbwi ya kwenda mikokoni maji yakiwa yamejaa. Mapokezini hakuna namba ya mwongozo hata mmoja. Baadhi ya wenye hoteli wameniambia wanaogopa kuwa mwongozo atamlaghai mgeni na lawama ziwaangukie wao. Hofu hiyo ina msingi, na inatatulika kwa orodha moja ya waongozaji wenye vitambulisho, bei zao zimeandikwa, inayokubaliwa na hoteli zote na ofisi ya utamaduni ya halmashauri, na atakayelalamikiwa anaondolewa. Waongozaji wenyewe wanaitaka, kwa sababu sasa hivi wanashinda kwenye kivuli cha mwembe karibu na Ngome Kongwe wakisubiri basi la wageni wa mchana, ambao saa tisa watakuwa wameshaondoka.